Ndimu ya Mkono wa Kushoto

Papa Anatole hakujua Kihindi, na jambo hilo halikumzuia hata siku moja kukitafsiri. Kila Jumapili mchana, mashua ya Kigoma ikiwa imeleta filamu na umeme wa bwawa la Bendera umekubali kufika mjini, alisimama kando ya shuka jeupe katika ukumbi wa Grégoire, fimbo mkononi, akawaeleza watu wa Kalemie yote waliyosema Wahindi. Alipoelewa, alieleza. Asipoelewa, alieleza zaidi. Mwanamke akilia, Anatole alimtafutia sababu ya kulia. Nyimbo peke yake aliziacha zipite, kwa kuwa wimbo, alisema, hautafsiriwi, unachezwa.

Alizozipenda kupita zote zilikuwa filamu za kesi. Humo mlikuwa na wakili wa joho jeusi, hakimu wa nyundo, na shahidi anayeingia mbio dakika ya mwisho huku jasho linamtoka. Neno moja tu la Kihindi alilijua kwa hakika, nalo ni "milodi", ambalo wakili humwambia hakimu kabla ya kumwaga ukweli. Msimcheke. Lilikuwa neno moja zaidi ya waliyojua wengine wote ukumbini, na katika mji wa vipofu chongo ni mfalme.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, wanaume wakivaa lile koti la abakosti bila tai. Hadharani kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia, pamoja na jina la mababu, halafu akifika kwake akawa tena Anatole, mkewe akawa tena Alphonsine, na binti yao Cécile. Huyo Cécile alikuwa ameposwa. Mchumba wake, Damien, alikuwa kijana Mubembe aliyeshuka na ziwa kutoka kaskazini, akaingia katika kundi la wavuvi wa Papa Germain. Padri alikuwa ameshaitangaza ndoa yao kanisani mara mbili. Ilibaki tangazo la tatu, lile la Jumapili iliyofuata, na baada ya hapo ngoma.

Sasa lazima mjue adabu ya Damien, maana ndiyo iliyotuletea matata yote. Kwa watu wa pwani hii, kijana aliyeposa haonani na mama mkwe wake. Akimwona njiani, anaingia majanini. Haketi naye chini ya paa moja, hali mbele yake, hamsikii akicheka, mpaka baada ya ndoa, kuku atolewe na kinywa kifunguliwe. Wengine siku hizo walishaanza kuilegeza desturi hiyo, lakini si Damien. Siku moja Mama Alphonsine alitokea gatini ghafla, na kijana, kwa kukosa majani, akajitupa ziwani na shati lake jipya. Mama Alphonsine alizunguka mtaa mzima akisimulia, akijifanya anasikitika. Moyoni alikuwa amepasuka kwa fahari, maana mkwe wa jirani yake hata kofia havui.

Basi Jumapili ile ililetwa filamu ya fundi cherehani. Fundi alishtakiwa kwamba amemchoma kisu mwenye nyumba wake. Kila kitu kilimwelekea yeye, akalia, mama yake akalia, na ukumbi wa Grégoire ukalia nao. Wakili akamwambia hakimu, milodi, jeraha hili limetoka kwa mtu wa mkono wa kushoto. Halafu, bila kuonya mtu, akachomoa ndimu mfukoni akamrushia fundi, na fundi akaidaka kwa mkono wa kuume. Akachomoa nyingine, akamrushia kaka wa marehemu aliyekaa na miwani yake kwa heshima zote. Kaka akaidaka kwa mkono wa kushoto. Watu walipanda juu ya mabenchi. Hakimu akapiga nyundo, fundi akafunguliwa, na dakika ileile Bendera ikalala, shuka likawa jeusi, na mji nao. Wiki nzima umeme haukurudi, lakini hakuna aliyejali, kwa sababu mji mzima ulikuwa unarushiana ndimu. Sokoni ukiinama kuchagua dagaa, ndimu ilikupata kisogoni, na aliyeirusha akataka kujua umeshituka na mkono gani.

Katikati ya furaha hiyo Papa Germain akaibiwa karabai yake. Karabai ni taa ya kupampu, ile inayofungwa mbele ya mtumbwi ili dagaa waifuate usiku. Mvuvi bila karabai ni mtu aliyekaa juu ya maji tu. Germain aliiacha katika kibanda chake Jumapili watu wakielekea sinema, na jua lilipoanza kuzama akakuta kufuli limefunguliwa taratibu na kufungwa tena. Ufunguo ulikaa chini ya kinu, na waliojua kinu hicho walikuwa wavuvi wake peke yao. Wavuvi wengine wote walikuwa matangani, wameonekana na kila mtu, wamekula kila kitu. Damien alisema alikuwa sinema. Germain akauliza ukumbi mzima, mtu baada ya mtu. Hakuna aliyemwona.

Maneno yakaanza. Kijana wa kuja, nani anamjua baba yake? Germain hakuwa mtu mbaya, ila watoto wake nao walikula kwa taa ile, na alitaka jambo moja tu: baraza la mtaa liamue, na kama ni Damien, apandishwe mashua ya kwanza arudi kwao kaskazini. Mwizi hatangazwi kanisani. Cécile aliyezoea kucheka hata kwenye foleni ya maji akaacha kucheka, na nyumba ikawa nzito.

Papa Anatole akamwita kijana pembeni, akamuuliza alikaa benchi gani. Damien akatazama vidole vya miguu yake.

"Nilikuwa mule ndani, Papa. Lakini usiniulize pahali."

Mtu mwingine angeogopa. Anatole, Mungu amsamehe, alifurahi. Alishaona mara nyingi shujaa anayefunga mdomo kulinda siri, na kila mara shujaa huyo alishinda. Kesi nzima, yenye mtu asiye na hatia na siri ndani yake, ilikuwa imemjia yeye mwenyewe nyumbani! Alikimbilia parokiani kuazima joho la kwaya. Njia nzima alijaribu sauti yake, na mbuzi wa parokia wakampisha.

Nyumbani Mama Alphonsine hakusema neno. Alipika. Sombe, kisamvu cha kwetu, ilikuwa na chumvi, samaki alikuwa na chumvi, hata uji wa asubuhi ulikuwa na chumvi. Anatole alikunywa maji mengi na kuendelea kujaribu sauti.

Siku ya baraza, mabati ya paa la sokoni yalikuwa yanalia kwa joto, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tena hawa walikuja kwa hiari. Kila mmoja alikuwa na ndimu yake. Waliacha njia wazi kuanzia barabarani hadi mezani, kwa ajili ya shahidi wa dakika ya mwisho. Papa Edouard, mkuu wa baraza, ambaye wote walimwita Papa Prezida, aliwaomba waizibe kwa sababu vumbi lilimwingia, nao wakakataa kwa heshima. Huyu alikuwa mzee mkavu, mwepesi wa kukata kesi, na maishani mwake hakuwa ameingia sinema. Alisema uongo wa hapa Kalemie unamtosha, hana haja ya kuletewa mwingine kwa mashua.

Germain alisema yake kwa ufupi na bila matusi: kinu, ufunguo, kijana asiyeonekana. Kisha Anatole akasimama na joho lake, harufu ya ubani ikamtangulia.

"Milodi," alianza.

Papa Prezida aliuliza kama hilo ni tusi. Akaambiwa ni Kihindi. Akasema hapa hakuna wakili, kuna baba mkwe, na baba mkwe aseme upesi. Anatole akainama, akatia mkono ndani ya joho, akageuka ghafla na kumrushia Damien ndimu. Damien akaidaka vizuri sana, kwa mkono wa kuume. Watu wakapiga makofi hadi njiwa wakaruka kwenye mabati.

"Hiyo imeonyesha nini?" akauliza Papa Prezida.

Anatole akafikiri. Ukweli ni kwamba hakuwa amefika mbali zaidi ya hapo. Akajibu kwamba imeonyesha kuwa anaweza kudaka, na watu wakapiga makofi tena, ingawa kidogo.

Ndipo akauliza swali ambalo karibu limzike mkwe wake. Kama kweli kijana alikuwa sinema, alisema, atusimulie filamu, maana asiyeiona hawezi kuijua. Lilikuwa swali zuri, na Damien akalijibu vizuri. Alisimulia fundi, alisimulia kisu, alisimulia machozi ya mama wa fundi mpaka wanawake wakaanza tena kutafuta ncha za vitenge vyao. Anatole alikuwa anaelea. Halafu kijana akafika kwenye ndimu, akasita.

"Lakini ile tribinali ilikosea, Papa Prezida. Fundi njo alidaka na mukono wa kushoto. Yule kaka wa marehemu, mwenye miwani, alidaka na wa kuume. Niliona na macho yangu. Walimufungua muuaji, wakakamata muntu wa bure. Papa Anatole alitafsiri vibaya. Nikanyamaza, juu ya heshima ya bukwe."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika gatini. Watu waligaagaa. Mji mzima ulikuwa umeuona mkono ule, mji mzima wiki nzima ulikuwa unauiga, na huyu anasema wa kuume! Wakamrushia ndimu kutoka kila upande, naye maskini akazidaka, kwa adabu. Germain peke yake hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa wote wameona. Kijana amesimuliwa filamu na mtu, tena na mtu msahaulifu. Hakuwepo.

Papa Prezida akafunga kalamu yake. Kwa Cécile hiyo ilitosha. Alipenya katikati ya watu, akamshika baba yake mkono wa joho.

"Papa, ulisema utamuokoa."

Furaha yote ikamtoka Anatole hapo hapo. Aliona mashua inaondoka kwenda kaskazini, aliona padri anaruka jina la binti yake, na aliona kwamba aliyefanya hayo si Germain wala mwizi, ni yeye, kwa kutaka kupigiwa makofi. Joho likamwasha mwili mzima. Na bado, katikati ya aibu hiyo, kitu kidogo kilikuwa kinamchoma pembeni: kuambiwa ametafsiri vibaya. Mengi alikuwa ameyatunga katika maisha yake, hakatai. Ila mkono wa kushoto hakuutunga. Ulikuwa wa kushoto. Kijana mwenye macho mazima angeuonaje wa kuume, tena ashikilie mbele ya watu wote, wakati uongo rahisi ungekuwa kusema kama wote wanavyosema?

Anatole ndiye aliyelitundika shuka kila Jumapili. Alilitundika, akalivuta, akazunguka nyuma kulikazia kamba. Siku moja Grégoire aliwasha mashine mapema, Anatole akiwa bado huko nyuma, na maandishi ya Kihindi yakampitia usoni yakienda kinyumenyume. Hakuyajali, kwa sababu kwake hata mbele yalikuwa hayasomeki.

Akavua joho. Alimgeukia Damien akamuuliza polepole, si kwa sauti ya sinema, ni kwa sauti ya nyumbani, kama siku ile alikaa mbele ya shuka au nyuma yake. Kijana akamwangalia Anatole, akaangalia kule walikosimama wanawake, akauma midomo. Machozi yalikuwa yanamshuka.

"Papa Prezida," alisema Anatole, na safari hii hakusema milodi, "nilikuwa ninacheza. Sasa sichezi. Naomba baraza ihame. Twende kwa Grégoire, mukakae nyuma ya lile shuka, muone ule mukono wenyewe."

Papa Prezida alisema hilo haliwezekani, kwanza kwa sababu yeye haingii sinema, pili kwa sababu umeme haupo tangu Jumapili. Hakuwa amemaliza neno, redio ya baa iliyo ng'ambo ya barabara ikafunguka yenyewe na kuanza kuimba kwa nguvu zake zote, gitaa juu ya gitaa. Bendera ilikuwa imeamka. Watu wakatazama ile njia waliyoiacha wazi, wakatazama redio, wakapiga vigelegele: shahidi wa dakika ya mwisho alikuwa amefika. Papa Prezida alitafuta katika sheria zote alizozijua, hakupata ya kumkatalia.

Wakahama. Mbele mkuu wa baraza na meza yake imebebwa kichwani, nyuma yake wazee wa mtaa, nyuma yao mji na ndimu zake. Filamu ilikuwa bado mle ndani, inangoja mashua, haijaonyeshwa tena tangu siku ile. Grégoire akaitafuta sehemu ya ndimu. Papa Edouard na wazee wake wakaingia nyuma ya shuka, wakakalia makreti ya samaki, na sisi wengine tukajaza mabenchi ya mbele. Mashine ikanguruma. Wakili akachomoa ndimu, akairusha, kaka wa marehemu akaidaka.

Sauti kavu ikatoka nyuma ya shuka.

"Wa kuume."

"Wa kushoto," ukumbi ukajibu.

"Nasema wa kuume."

Mabishano yakapita katikati ya shuka, huku hakimu wa Kihindi akipiga nyundo yake bure. Papa Prezida akatoka nyuma, akaja mbele, akaamuru irudiwe. Ukawa wa kushoto. Akarudi nyuma mbio, joho lake la mkuu wa baraza amelikusanya kwa mikono miwili, akaamuru irudiwe. Ukawa wa kuume. Akaja mbele tena. Mzee wa watu alikuwa anacheka, wallahi, alikuwa anacheka na meno yake yote yaliyobaki, na kati ya safari moja na nyingine alimuuliza Anatole kwa siri huyu fundi ameshitakiwa kwa nini na yule mama ni wa nani. Alipochoka alisema neno ambalo watu wa Kalemie wanalisema mpaka leo: mkono ni mmoja, ila kila mtu anaapa kwa upande aliokaa.

Hesabu ikajifunga. Filamu ilionyeshwa Jumapili ile tu, saa zilezile karabai ilipoibiwa. Mbele ya shuka walikuwa watu wote, na watu wote waliona kushoto. Aliyeona kuume alikuwa nyuma. Lakini Germain, ambaye alikuwa mtu wa haki hata haki ilipomwendea vibaya, akainua mkono. Mtu yeyote, alisema, angeweza kujificha huko nyuma akamsimulia. Nani alimwona Damien kwa macho?

Papa Prezida akaketi kupumua kwenye benchi la kwanza, lile la karibu na mlango, pale pale mlango unapofungukia kando ya shuka. Na alipoinamisha kichwa kujifuta jasho, akaona miguu. Shuka la Grégoire lilikuwa halifiki chini, na chini yake vilionekana viatu vya wazee wake waliokuwa bado wamekaa kwenye makreti, kimoja bila kamba.

"Jumapili nani alikaa hapa?" aliuliza.

Kila mtu alijua, kwa sababu ilikuwa habari ya mtaa: Mama Alphonsine, ambaye miaka yote alisema sinema ni ya wasio na mihogo ya kuloweka, siku ile alikuja kwa mara ya kwanza, akakaa benchi la mlangoni ili atoke upesi, na hakutoka. Ndipo Anatole akaona kila kitu, kama mtu aliyewashiwa karabai usoni. Kijana alikuwa ndani. Mama mkwe akaingia, akaziba mlango. Majani hayakuwepo, ziwa halikuwepo. Lilikuwepo shuka.

Damien alikuwa ameshageukia ukuta, paji la uso limegusa matofali. Kusema alikuwa nyuma ya shuka kungekuwa kusema mbele ya mji mzima kwamba alikaa filamu nzima chini ya paa moja na mama mkwe wake, akimsikia akicheka na kulia. Heri aitwe mwizi.

"Mama Alphonsine," alisema Papa Prezida, "uliona miguu?"

Mama Alphonsine alikuwa amesimama mlangoni.

"Unaniuliza kama nani, Papa Edouard? Kama jirani?"

"Nakuuliza kama sheria."

Akavuta kitenge chake, akafunika kichwa na uso, akaugeukia ukuta wa upande wake. Wakawa wawili, mkwe na mama mkwe, kila mmoja na ukuta wake, na mji mzima katikati.

"Basi naambia ukuta. Niliona miguu miwili, toka mwanzo mpaka mwisho. Wa kushoto una kidole kikubwa chenye ukucha mweusi, nanga ilikiangukia. Wakati fundi alilia, vidole vilijikunja. Wakati walimufungua, vilicheza. Havikutoka hata kidogo."

Papa Prezida hakuhitaji kumwambia Damien aonyeshe mguu. Wavuvi wote walikuwa wanaijua nanga hiyo. Aliuliza tu, kwa upole ambao hatukuuzoea, kwa nini mama hakusema tangu mwanzo.

"Miguu ya mukwe haionekani, Papa. Njo desturi. Lakini sheria ikiuliza, imeonekana."

Ukumbi ulilipuka. Cécile alikuwa anacheka na kulia kwa mpigo, na ndimu zote zilizobaki zilirushwa juu. Papa Prezida alitafuta nyundo, akakosa, akapiga benchi kwa kiatu chake. Damien hana hatia. Na kwa kuwa kinywa cha mkwe kimefunguliwa kabla ya siku yake, lazima kuku atoke, na atamtoa Germain, maana yeye ndiye aliyelazimisha kifunguliwe. Germain akasema atatoa jogoo, akaenda kumshika Damien bega. Baada ya hapo watu wote wakageuka kutazama nyuma ya ukumbi, wakingoja mwizi wa kweli asimame na kuungama, kama ilivyo desturi ya Wahindi. Tulingoja kwa muda. Hakusimama mtu, Grégoire akatufukuza ili afagie.

Njiani kurudi, Anatole alitembea kando ya mkewe na joho mkononi. Alimuuliza kama kweli angemwacha kijana apandishwe mashua kwa ajili ya miguu. Mama Alphonsine akahamishia kapu lake la mihogo mkono wa pili.

"Wiki nzima nilitia chumvi mu kila kitu," alisema. "Nilisema, huyu muntu ataniuliza nina nini. Wanawake wa Kihindi wakilia, unajua sababu yao wote. Mi nikitia chumvi, unakunywa maji."

Anatole hakuwa na tafsiri ya kutoa. Alimpokea kapu lake, akalibeba mpaka nyumbani, mwanamume mzima na kapu la mihogo, na waliomcheka aliwaacha wacheke. Jioni ile sombe ilikuwa tamu, naye aliuliza imetiwa nini.

Jumapili padri alisoma tangazo la tatu, na mchana ukumbi ulijaa hadi madirishani, maana mji ulidai filamu ya fundi irudiwe kabla mashua haijaichukua. Papa Edouard alikuja na mto wa kukalia. Ilipofika hukumu, hakimu wa Kihindi aliinua kidole akasema maneno mengi kwa hasira, na Anatole akayatafsiri bila kupepesa jicho: hakimu anasema, tena kuna muntu hapa Kalemie ana karabai ya Papa Germain, sheria imeshamuona miguu, airudishe kabla ya jogoo kuwika. Kesho yake asubuhi karabai ilikuwa mlangoni kwa Germain, kioo kimefutwa. Lakini hayo ni ya Jumatatu.

Jumapili yenyewe jogoo alikuwa ameshaliwa, kinywa kimeshafunguka, na Damien akaruhusiwa kukaa mbele kama watu. Alikaa benchi la kwanza, mama mkwe wake upande mmoja, Cécile upande wa pili, akajikaza. Hakudumu. Alimnong'oneza Anatole kwamba huku mbele wamegeuza kila kitu, hata machozi yanashukia shavu lisilo lake, akaomba radhi, akainama, akaingia nyuma ya shuka. Anatole akaendelea kueleza. Baadaye, wakili akitafuta ndimu mfukoni, alimwona mkewe ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yanatikisika, macho yake yako chini ya shuka. Mahali pa Cécile kwenye benchi palikuwa wazi.

Safari hii aliuliza. Aliinama hadi sikioni mwake, tafsiri ikasubiri, akataka kujua anaona miguu mingapi huko.

"Papa Prezida bado hajaniuliza," alisema Mama Alphonsine.